Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Michezo ya Theluji: Wasajilini Vijana wa Nakuru

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa usimamizi wa michezo ya theluji nchini,
Na kwa maafisa wa michezo wa kaunti,

KUH: USAJILI WA VIJANA WA SKI ZA MAGURUDUMU

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, naleta hadharani jambo ambalo nimelileta kwenu faraghani bila mafanikio. Nimeandika barua. Nimeleta fomu kwa mkono. Nimepiga simu mpaka karani akaizoea sauti yangu. Jibu ni lile lile: mkubwa yuko mkutanoni, fomu zimepelekwa Nairobi, rudi baada ya sikukuu. Vijana ninaowafunza sasa wameanza kuniuliza kama kweli barua hizo naziandika, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kukosa jibu. Ndiyo maana hii naiandika mahali ambapo nao wataisoma.

Naomba kwanza niueleze mchezo wenyewe, kwa sababu baadhi ya maafisa wanaotukatalia wanadhani tunataka kuporomoka kutoka vilele vya milima kama inavyoonekana kwenye televisheni. Hiyo ni ski ya mteremko. Yetu ni ski ya nyika. Mwanamichezo anapanda, anashuka na kukata tambarare kwa nguvu za miguu na mikono yake mwenyewe, kilomita 10, 20, hata 50. Ni mchezo wa pumzi na uvumilivu, mambo ambayo Bonde la Ufa halijawahi kuyaazima kwa mtu. Pasipo theluji tunatumia ski za magurudumu: fremu mbili za alumini zenye gurudumu mbele na gurudumu nyuma. Kiatu hushikwa kwa mbele tu, kisigino kikabaki huru kuinuka. Ski za mtindo wa asili zina gurudumu lisilokubali kurudi nyuma, ili mtu aweze kujisukuma mlimani. Breki kwa kawaida hazina. Wanorwe, Waswidi na Wafini wenyewe huzitumia kiangazi chote, kwa hiyo mtu asiseme tumebuni mchezo wa kuigiza.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Usajili.

Hili ndilo kubwa, na lingetatuliwa mengine mengi yangefuata. Katika mchezo huu mtu hawezi kujiandikisha mwenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Ski na Ubao wa Theluji, FIS, hupokea majina kutoka kwa chama cha kitaifa. Mwanamichezo anatia sahihi tamko lake, chama kinamwandikisha, naye anapata namba ya FIS. Asipokuwa na namba hiyo, hata akimpita bingwa wa dunia mbele ya mashahidi, matokeo yake hayaandikwi popote. Fomu za vijana wetu, pamoja na sahihi za wazazi na barua za daktari, ziko ofisini mwenu. Kumwacha kijana bila namba kisha kumuuliza mbona hana matokeo ni kama kumnyima mtoto cheti cha kuzaliwa kisha kumuuliza mbona hajaandikishwa shule.

Kwa nini nina haraka? Kwa sababu ya hesabu. Pointi za FIS ziko kinyume na za ligi ya kandanda: aliye na chache ndiye bora, na bora kabisa ana sifuri. Katika mbio ambazo kila mmoja huondoka peke yake kwa zamu, kiasi ulichoachwa na mshindi huzidishwa kwa 800. Ukiachwa kwa asilimia 10 umebeba pointi 80, kisha huongezwa nyingine kulingana na uzito wa mbio zenyewe. Kwa Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, aliyetaka kuingia mbio za masafa alitakiwa awe na wastani usiozidi pointi 300, uliotokana na mbio tano.

Sasa turudi kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano, Japani, 1998. Mwanaski wetu Philip Boit wa Eldoret, mpwa wa Mike Boit aliyetuletea shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, alikuwa ameiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Ufini kwa ufadhili wa Nike. Siku ya mbio za kilomita 10 mvua ilinyesha na theluji ikawa inang'ang'ania ski. Bjørn Dæhlie wa Norwe alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit akafika kwa dakika 47 na sekunde 25, wa 92, nyuma ya wote waliomaliza. Dæhlie, mtu aliyestaafu akiwa na medali 12 za Olimpiki, nane zikiwa za dhahabu, alikuwa bado amesimama pale kwenye utepe akimsubiri, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kisa hiki kila Mkenya anayependa michezo anakijua, nanyi mmekisimulia kwenye hotuba zenu.

Lakini pigeni hesabu. Kwa fomyula niliyoieleza, muda ule ni karibu pointi 584. Boit wa 1998 asingekubaliwa kuingia mwaka 2018. Sisemi hivi kumpunguzia heshima. Alifungua mlango, na aliporudi tena Salt Lake City 2002 na Turin 2006 alionyesha kwamba hakuwa mgeni wa siku moja. Turin hakuwa wa mwisho. Ninachosema ni kwamba mlango ule sasa una kizingiti, na kizingiti hakirukwi kwa tabasamu wala kwa kukumbatiana. Kinarukwa kwa miaka ya mashindano yaliyoandikwa. Kila msimu fomu zinapolala kabatini, kijana wa miaka 16 anakuwa wa 17, na daftari lake la FIS bado ni jeupe.

2. Mbio za kupata pointi hapa nyumbani.

Pita Taufatofua ni wa Tonga, visiwa vya Pasifiki visivyojua theluji. Sehemu ya matokeo yaliyomfikisha Pyeongchang aliyapata kwenye mbio za ski za magurudumu nchini Colombia. Juu ya lami, Waheshimiwa. Kwenye mbio hizo hizo za Pyeongchang alikuwapo Germán Madrazo wa Meksiko, aliyemaliza wa mwisho akiwa ameshika bendera ya nchi yake, na wenzake wakambeba mabegani. Nchi hizo zilielewa kwamba FIS inazitambua mbio za magurudumu, tena ina mashindano ya dunia ya mchezo huo tangu mwaka 2000.

Sisi tuna lami, vilima, na vijana. Kinachokosekana ni chama cha kitaifa kuomba mbio ziingizwe kwenye kalenda ya FIS na kuleta wasimamizi wanaotambulika. Napendekeza Kisumu, na nina sababu. Kanuni za FIS kuhusu njia za theluji zinaweka kikomo cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Nakuru mjini tuko kwenye takribani 1,850. Kisumu iko kwenye takribani 1,130, na hakuna mgeni atakayelalamika kwamba amekosa hewa. Joto la ziwani lipo, ndiyo, lakini mbio zikianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi lami bado ni baridi. Fanyeni mazoezi Njoro, teremkeni Kisumu mshindane: safari ya saa chache kwa matatu. Wangapi duniani wana bahati hiyo?

Tuliwapelekea pendekezo hili likiwa na ramani. Sijui kama bahasha ilifunguliwa.

3. Vifaa vilivyofungiwa.

Kuna masanduku ya ski, viatu na fimbo yaliyotumwa na wahisani kutoka ng'ambo kwa ajili ya vijana wa mchezo huu. Tuliarifiwa kwamba yamefika na yametoka forodhani. Kisha tukaambiwa yako stoo yakisubiri hesabu. Bado yanasubiri.

Niwaeleze vijana wanatumia nini wakati masanduku yamefungwa. Fimbo za ski za magurudumu zina ncha ngumu za chuma, maana lami huila ncha ya kawaida kwa muda mfupi sana. Zetu zimekwisha. Fundi wa jua kali hapa mjini hutunolea, na kila akinoa, ncha inabaki kijipande. Msichana mmoja wa Njoro ana fimbo mbili zisizolingana. Ya kulia imefungwa utepe mweusi wa mafundi umeme pale ilipopasuka. Gurudumu la nyuma la ski yake ya kushoto, lile lisilopaswa kurudi nyuma, limechoka. Akiwa anapanda barabara ya Menengai, kwenye ile miinuko ya mwisho kabla ya kufika ukingoni mwa kreta, mguu humponyoka kinyumenyume na goti linatua kwenye lami. Anainuka, anakung'uta changarawe kwa kiganja, anaendelea. Mama yake alinijia akaniomba nimwambie aache. Nilishindwa kumjibu mama huyo, kwa sababu najua kifaa kinachofaa kiko ndani ya nchi hii, chini ya kufuli.

4. Uteuzi.

Tunaomba vigezo viandikwe na vitangazwe. Hatuna kinyongo na Wakenya wanaoishi ughaibuni. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi akakulia Austria, alibeba bendera yetu Pyeongchang kwa ski ya mteremko, tukamshangilia kwa moyo wote. Lakini kijana wa hapa naye aambiwe mapema: mbio hizi, muda huu, tarehe hii. Leo hakuna anayejua, hata mimi kocha.

5. Wasichana.

Mwaka 2022 FIS iliamua kwamba wanawake na wanaume wakimbie masafa sawa. Matokeo yake yalionekana Trondheim mwaka 2025, wanawake waliposhindana kilomita 50 kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya dunia, na Frida Karlsson wa Uswidi akatwaa dhahabu. Kabla ya hapo walikuwa wakiishia 30.

Nchi ambayo wasichana wake wametawala marathoni duniani inaitazamaje habari kama hiyo bila kushtuka? Wasichana ni zaidi ya nusu ya kikundi chetu, na kwenye mazoezi marefu ndio wanaobaki mbele. Hata hivyo, afisa mmoja aliniambia, mbele yao, kwamba huu ni mchezo wa wanaume wenye vifua. Naomba kauli ya namna hiyo isitamkwe tena mbele ya mtoto yeyote.

6. Barabara.

Hili linawahusu maafisa wa kaunti. Barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Salgaa na Mau Summit inajulikana kwa malori na kwa misiba yake. Hakuna mzazi mwenye akili atakayemruhusu mtoto apite pale kwa ski zisizo na breki, nami sitamruhusu. Tunajibana kwenye barabara za ndani, na hata huko kuna matatu na bodaboda zinazoteremka kwa kasi. Tuliomba kipande kimoja cha barabara kifungwe Jumapili asubuhi, kwa saa mbili tu, kabla watu hawajatoka kwenda kanisani. Tuliambiwa haiwezekani. Lakini kaunti hii hii, tangu Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, imeona barabara za Naivasha zikifungwa kwa ajili ya magari, polisi wamejipanga, wageni wamejaa. Inawezekana, basi, panapokuwa na nia.

Najua mtakayojibu, kwa maana nimeyasikia yote.

Mtasema Kenya haina theluji. Tonga haina. Boit mwenyewe alifanya mazoezi ya magurudumu hapa nyumbani kati ya safari zake za Ulaya. Theluji tutaifuata kwa wiki chache wakati wa msimu, na FIS ina utaratibu wa kuyasaidia mataifa madogo yanayohudhuria mashindano yake. Lakini msaada huo unapitia chama cha kitaifa, kwa hiyo unaishia kwenye meza ile ile ambapo fomu zetu zimelala.

Mtasema hakuna pesa. Kati ya mambo sita niliyoyataja, ni mbio za Kisumu pekee zinazohitaji bajeti ya kuzungumzwa. Kutia sahihi, kufungua stoo, kuandika vigezo na kufunga barabara kwa saa mbili ni kazi ambazo tayari mnalipwa kuzifanya.

Mtasema vijana wenye mapafu warudi kwenye riadha. Hili nalijibu kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi nimetoka huko. Kwenye Olimpiki, nchi inaingiza watu watatu tu katika mbio moja. Nyuma ya hao watatu, Iten, Kaptagat na Eldoret zimejaa vijana ambao muda wao ungewafanya mabingwa katika nchi nyingine, lakini hapa hata tiketi ya majaribio hawapati. Wengi wao huishia kuacha michezo kabisa wakiwa na miaka 24. Ski ya nyika inadai mapafu yale yale, na inaongeza mikono, mgongo na ustadi wa kusawazisha mwili. Ustadi huchelewa kuja, nakiri hilo. Kwa hiyo waanze mapema.

Na wapo watakaosema tutaaibika, kwamba tutakuwa wa mwisho tuchekwe. Hakuna aliyemcheka Boit pale Nagano. Bingwa alimsubiri kwenye mvua. Tena vijana hawa hawaombi kwenda kuonekana. Wanaomba kupimwa, na akipimwa akikutwa na pointi 400 aambiwe 400, arudi akafanye kazi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Fomu zilizoko ofisini zishughulikiwe na namba za FIS zitoke ndani ya mwezi huu, au tupewe kwa maandishi sababu ya kukataliwa kwa kila jina. Masanduku yahesabiwe mbele ya makocha na wazazi, kisha yagawanywe kwa orodha iliyo wazi. Vigezo vya uteuzi vichapishwe. Pendekezo la mbio za Kisumu lijibiwe, hata kama jibu ni hapana yenye maelezo. Na kaunti itupe Jumapili moja ya majaribio. Tukiharibu, mtunyime ya pili.

Kalenda haitusubiri. Mashindano ya dunia yatakuwa Falun, Uswidi, mwaka 2027, na kwenye mashindano haya wasio na pointi za kutosha hupewa mchujo wa awali, kwa hiyo ndipo mahali halisi pa kuanzia kwa nchi kama yetu. Mwaka 2028 Italia itaandaa Olimpiki ya Vijana ya Majira ya Baridi. Baadhi ya watoto ninaowafunza wana umri unaowaruhusu kushiriki hiyo ya 2028, mara moja tu katika maisha yao. Baada ya hapo watakuwa wamepita umri, na hakuna barua ya kuomba radhi itakayowarudisha.

Nakala za fomu zote tumezitoa upya na kuzipanga kwenye faili moja. Tutazileta Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi, mimi pamoja na wazazi. Tunaomba tupokewe na mtu mwenye mamlaka ya kutia sahihi.

Wenu katika kuijenga michezo,

Kocha wa kikundi cha ski za magurudumu,
kwa niaba ya wanamichezo na wazazi,
Nakuru